Matofali ya Koleta wa Isevya

Koleta wa Isevya alikuwa mfinyanzi, tena si mfinyanzi wa kubahatisha. Vyungu vyake vilinunuliwa mpaka Tura, vikisafiri kwa treni juu ya mapaja ya wanawake walioogopa kuviweka chini. Lakini mwaka huo wa 1951 sufuria zilikuwa zimejaa madukani, na mumewe Ambrosi alizoea kumtania kwamba akiendelea na udongo wake atabaki kuwafinyangia kuku vyombo vya kunywea maji. Koleta alicheka naye. Moyoni ilimuuma.

Ambrosi mwenyewe alikuwa mpishi. Alimpikia Mzungu mmoja wa reli kwa miaka kumi na moja, na Mzungu alipohamishwa alimwachia jiko lake la chuma la kuni, zito kama ng'ombe. Lilifika Isevya kwa mkokoteni, watu wanane wakisukuma na wengine ishirini wakitoa amri. Furaha ya Ambrosi ilidumu mpaka alipofungua kile kimlango cha kutilia kuni. Matofali yanayouzunguka moto ili usile chuma yalikuwa yamepasuka, mengine yamemong'onyoka kabisa. Kuliwasha jiko hivyo ni kuliua. Matofali mapya yangetoka Dar es Salaam baada ya miezi miwili, kama yangetoka.

Na Ambrosi hakuwa na miezi miwili. Wakala wa mashamba ya mkonge ya Tanga alikuwa mjini akiandikisha manamba, vibarua wa mkataba, na treni yao ingeondoka Jumatatu baada ya harusi ya binti wa jirani yao Benedikta. Ambrosi alikwisha pokea kazi ya kuoka mikate hamsini ya harusi hiyo. Alimwambia mkewe kinagaubaga: mikate ikitoka vizuri, anafungua biashara yake hapa hapa nyumbani, isipotoka, anapanda treni kwenda Tanga. Koleta aliwajua wanaume walioaga kwa miezi tisa na sasa ilikuwa miaka tisa. Hakutaka hata kulisikia jina la huo mji.

"Nitakufinyangia hayo matofali," alimwambia.

"Mama Raymundi, hiki ni kitu cha Ulaya."

"Na moto wake je, nao umetoka Ulaya?"

Ambrosi alikuna kichwa, akaenda kutafuta kuni.

Basi Koleta akaanza kazi, na kazi ikamkolea! Alichimba udongo wa kichuguu, ule mwekundu mgumu unaovunja majembe. Lakini udongo mtupu ukikutana na moto mkali hupasuka. Lazima uchanganywe na vigae vilivyotwangwa, kwa kuwa vigae vimekwisha uonja moto na havishtuki tena. Alipomaliza vigae vya uani kwake, akaingia nyumba kwa nyumba kuomba. Kufikia jioni Isevya nzima ilijua. Wanawake walileta vigae kwa ungo, wakaleta hata vile wanavyoendea kuomba makaa kwa jirani. Mmoja alileta chungu kizima, akaapa kwamba kina ufa mahali fulani. Kinu kililia siku mbili, na Koleta alikuwa akiimba kama bibi harusi ni yeye.

Alifinyanga matofali manane, akayalaza kivulini, akayafunika magunia yenye unyevu ili yakauke polepole. Jumapili akaenda kanisani. Jumanne, siku nne kabla ya harusi, akafunua.

Akatazama. Akachukua tofali moja, akalipeleka jikoni, akalisimamisha mahali pake. Kati ya tofali na chuma kidole gumba kiliingia na nafasi ikabaki.

"Baba Raymundi!"

Ambrosi alikuja akijifuta mikono.

"Nani amegusa udongo wangu?"

"Nilitaka kukusaidia tu," akasema. "Ulipokwenda misa niliyapima na lile la zamani, nikaona umeyakosea, yamezidi pande zote. Nikayapunguza kwa kisu cha mkate. Taratibu, vizuri kabisa. Sikutaka uone aibu."

Kwao ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na mwanamume hupita mbali na udongo mbichi. Ambrosi alikuwa amekula ugali wake katika vyombo vya udongo tangu ameota meno, wala hakupata kukiona hata kimoja kikikauka. Hakujua kwamba udongo husinyaa, na kwamba mfinyanzi hufinyanga kikubwa ili apate cha kadiri.

Koleta alipomweleza, Ambrosi aliketi chini pale pale. "Basi nimejikatia tikiti ya Tanga kwa mkono wangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Koleta alikuwa na hasira ya kumpiga mtu na mwiko. Hasira hiyo hiyo ndiyo iliyomsimamisha. Matofali mapya manene hayangekauka kwa siku nne. Lakini kitu chembamba? Kifuniko cha chungu yeye hukianika asubuhi, kesho yake kinakwenda motoni!

"Simama," akamwambia. "Twanga vigae. Mimi nitafinyanga vibao vyembamba vya kukaa nyuma ya matofali, vizibe nafasi. Na kisu chako kiweke darini."

Ambrosi alitwanga mpaka viganja vikachubuka. Jumatano jua na upepo mkavu vikafanya kazi yao. Alhamisi wakachoma matofali na vibao kwa pamoja, kwa samadi na magome. Vibao viwili vilipasuka, na Koleta alikuwa amefinyanga viwili vya akiba. Aliruka kama msichana! Jioni ile ile akavipanga vyote ndani ya jiko, akaziba viungo kwa udongo ule ule, vyembamba kama uzi.

Ijumaa alfajiri akawasha vijiti vitatu tu. Ambrosi alitaka gogo, akanyimwa. Vijiti, halafu matawi, halafu kuni za mninga. Moto ukashika, jiko likaunguruma. Mara ndani kukalia ta! Wote wawili wakaganda. Koleta akachungulia, machozi yakimtoka kwa joto na kwa woga. Ni ukuni tu uliopasuka. Matofali yalikuwa yamekaa, mekundu, yote manane.

Mikate sita ya kwanza ilitoka imeumuka, migongo ya kahawia inayong'aa, na harufu yake ikawatoa majirani majumbani. Ambrosi alimnyanyua mkewe mbele ya watu wote! Kufikia saa kumi na moja jioni mikate hamsini ilikuwa mezani, na chuma cha jiko hakikuwa na doa.

Jumamosi, baada ya harusi, alikuja Yahaya, mpishi mkuu wa hoteli ya stesheni, bado ana kipande cha mkate mkononi. Aliomba kuliona jiko. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chote ndani.

"Mikate yenu naitaka ishirini kila siku, kuanzia Jumatatu," akasema kutoka humo. "Lakini matofali haya, Ambrosi, umeyapata wapi? Jiko langu limekufa tangu Pasaka. Umeagiza Dar?"

Koleta alikuwa amesimama mlangoni na mtungi. Alimwona mumewe akinyoosha mgongo, akamsubiri aseme.

"Dar gani?" Ambrosi akasema. "Amefinyanga mke wangu. Muulize mwenyewe, mimi sijui kitu. Nilipojidai kujua, kidogo niharibu kila kitu."

Yahaya akatoa kichwa, uso umejaa majivu, akamgeukia Koleta kwa heshima ambayo hakuna mnunuzi wa chungu aliyepata kumpa. "Mama, na mimi utanifinyangia?"

"Siku kumi na mbili," Koleta akasema. "Vigae utatwanga mwenyewe. Na mpaka nitakapofunua magunia, asiguse mwanamume."