Veste ya Fotografe

Nikisikia harufu ya naftalini ninamukumbuka fotografe wetu wa Butembo. Siku hizi kila mutu na telefone yake anajiita fotografe, sawa. Ule alikuwa na veste moja, koti yenye kunuka naftalini, na batu bote balipigwa foto nayo.

Baba alipoivaa alicheka: "Bon, sasa niko directeur!"

"Simama muzuri, directeur, utakata vifungo," fotografe akamujibu, akimunyoosha kola.

Baba alipokufa, tuliweka ile foto karibu na sanduku. Ndani alilala na shimizi, shati yake ya shamba. Nilikuwa mutoto, nikauliza: "Mama, veste ya baba iko wapi?"

Fotografe, mwenye alikuja kwa matanga, alisikia, akatoka. Akarudi nayo mukononi, akamuvalisha baba, akafunga vifungo, akanyoosha kola.

Toka siku ile, kwa foto zake zote, batu banasimama na shimizi tu.