Mardhiya na Nyota za Bure

Mardhiya Hamad alipomtoa binti yake skuli, kila aliyesikia alimuuliza atamfundisha nini. Swali la haki. Kumtoa mtoto ni barua moja tu. Kujua umtie nini kichwani, na kwa njia gani, ni kazi ya mzazi aliyekwisha kuamua anataka kulea mtu wa namna gani, na wengi wetu hatujaamua. Sheria ya Uingereza haimlazimishi anayefundisha nyumbani kufuata mtaala wa taifa. Anachagua mwenyewe, na akikosea hana wa kumlaumu.

Mardhiya alikuwa ameamua. Ibtisam, binti yake wa miaka tisa, alikuwa amezoea kumaliza kwanza na kuelewa baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Mama alitaka mtoto mkweli, asiyejifanya anajua asichokijua. Alilisema hilo mbele ya mumewe, Mwadini, na mama mkwe wake, Bi Zuwena, anayeishi nao Kingsbury. Wote wakakubali. Kukubali kwa maneno hakumtoi mtu jasho.

Mwadini ni dereva wa basi. Alitafuta mtaala kwenye simu wakati wa mapumziko, akaja na programu ya kompyuta. Masomo yote yamo, yanajisahihisha yenyewe, na kila jibu sahihi mtoto anapewa nyota. Walipewa wiki mbili za kuijaribu kabla ya kujiandikisha kwa mwaka mzima. Bibi angekaa na mtoto mchana, naye Mardhiya angeendelea na zamu za asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikoahidiwa kuwa kiongozi wa zamu kuanzia Januari. Alikingoja cheo hicho miaka mingi. Mtaala ukawafaa wote.

Jioni moja, majaribio yakikaribia kwisha, Ibtisam alitoka chumbani akitangaza kwa Kiingereza kuwa somo la mito amelimaliza na nyota zote kazipata.

"Zote!" akasema Bi Zuwena, sinia la mchele mapajani. "Basi mbingu nzima imehamia Kingsbury. Hebu njoo, mjukuu wangu, unieleze. Mto unaanzia wapi?"

Ibtisam akatazama zulia. "Baharini?"

"Alaa! Huo wenu unapanda mlima."

Mwadini akacheka. Mardhiya hakucheka. Alidhani Kiswahili ndicho kilichomtatiza mtoto, akamuuliza tena kwa Kiingereza. Jibu likawa lile lile.

"Lete kompyuta," akasema. "Nioneshe unavyofanya."

Mtoto akafungua somo jipya bila hofu yoyote. Akabonyeza jibu la kwanza, likawa jekundu. La pili, jekundu. La tatu likawa la kijani, nyota ikaruka na makofi yakalia.

"Mbona swali hujalisoma?"

"Si lazima, Mama. Yenyewe inaniruhusu."

Na kweli ilimruhusu. Mtoto hakuficha kitu. Alifuata alichoelekezwa na mwalimu ambaye wazazi wake walimleta nyumbani wenyewe, wakampa kiti.

"Tutamwambia asome kwanza," akasema Mwadini. "Yamekwisha."

"Nani atamsimamia? Wewe uko barabarani, mimi kazini, na Bi Mkubwa Kiingereza hasomi."

"Mwanitaja mimi?" akauliza Bi Zuwena. "Mimi nimeambiwa nimkalie tu. Nimemkalia."

"Mama Ibti, hii ni karne gani?" Mwadini akasema. "Watoto wote wanasoma hivi."

"Wote si wangu."

Mardhiya aliujua mtaala mwingine. Ni wa vitabu: mtoto anasoma ukurasa, anafunga kitabu, kisha anasimulia kwa maneno yake alichokielewa. Hakuna nyota. Lazima mtu mzima akae mbele yake asikilize, kila asubuhi, mpaka mwisho. Mardhiya aliusoma mwezi wa Agosti, akaupenda, akauweka kando kwa sababu ulimtaka yeye mwenyewe. Jioni ile aliwaambia hivyo, bila kuzungukazunguka. Mwadini akanuna.

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi wake, Ushma, mwanamke wa Queensbury aliyezaliwa Nairobi na ambaye Kiswahili chake hakijamtoka, akaomba aondolewe zamu za asubuhi.

"Mimi nakupea cheo, wewe unanipea kisogo?" akasema Ushma. "Si hiyo kompyuta imfunze?"

"Inamfunza. Ndiyo taabu yenyewe."

"Januari sitakungoja, Mardhiya. Nitampea mwingine."

"Mpe. Mimi nipe jioni na wikendi."

"Wewe ni mgumu kama nini!" Ushma akasema, lakini akavuta ratiba akaanza kufuta.

Watu watasema amepoteza. Nami nasema mzazi anayetaja maadili ya nyumba yake, kisha akachagua mtaala kwa kuangalia saa zake za kazi, amekwisha kumfundisha mtoto somo la kwanza, na si zuri.

Jumatatu walianza. Mwadini alikuwa na zamu ya mchana, akavuta kiti, bado amenuna kidogo. Ukurasa ulikuwa wa nyuki. Ibtisam akasoma, akafunga kitabu, akaanza kusimulia, nusu Kiingereza nusu Kiswahili: nyuki wanatafuta maua, wanarudi mzingani, wanacheza kuwaelekeza wenzao, na malkia anawaimbia mpaka walale.

"Vizuri sana, mwanangu!" Mwadini akasema.

"Bado," akasema Mardhiya. "La malkia kuimba limo kitabuni?"

Mtoto akamtazama baba yake. Baba akatazama meza. Hapakuwa na kitu cha kubonyeza.

"Halimo," akasema hatimaye, polepole. "Nimelitunga."

"Ahsante kwa kusema kweli. Fungua, usome tena."

Ibtisam akapumua kwa nguvu, akafungua kitabu. Mwadini aliangalia saa, akavua koti lake la kazi, akasema, "Soma kwa sauti. Na mimi sikusikiliza vizuri."