Binti Yangu Ananitumia Vitabu vya Nchi Zisizokuwepo, na Mume Wake Anavisoma

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu usiipunguze hata mstari mmoja. Nina miaka hamsini na nne, nafundisha sekondari, naishi Miyuji hapa Dodoma. Mimi ni mtu wa kusoma na kubishana. Nimegombana na wachungaji, na watendaji wa kata, na wahariri waliokata barua zangu. Kwa hiyo wale wa "mwachie Mungu" piteni tu, sikuja kwenu.

Nina binti mmoja, tumwite Rehema. Tangu akiwa darasa la tano tulikuwa na mchezo wetu wa Jumapili mchana, tukimenya karanga. Mmoja anabuni nchi, kisha anataja vitabu vilivyouzwa kuliko vyote katika nchi hiyo, vya hadithi na vya maarifa. Majina tu. Mwenzake anayasikiliza na kusema nchi ile inaumwa nini, kwa sababu watu hununua kile kinachowauma. Nakumbuka nchi yake moja aliiita Tutumbi. Hadithi: "Ndoo Tatu za Bi Sizani". Maarifa: "Jinsi ya Kuoga kwa Kikombe Kimoja" na "Historia Fupi ya Mto Uliohamia kwa Waziri". Nikasema, "Hawana maji!" Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Umepata nusu, baba. Hujasema nani kayachukua." Miaka kumi na moja, huyo!

Miaka mitatu iliyopita akaolewa Mkonze, hapa hapa Dodoma. Mume yule nilimpenda mimi kabla yake. Kijana wa ofisini, mpole, shikamoo yake lazima apinde magoti, na kila nilichoandika alikuwa amekisoma na anakubaliana nacho. Siku ya sendoff nilishika kipaza sauti nikatangaza kwamba Dodoma nzima sijaona kijana mwenye akili kama huyu. Watu wakapiga makofi.

Mchezo wetu ukahamia kwenye simu, Jumapili moja yangu, inayofuata yake. Oktoba akaniletea nchi inayoitwa Sihaba. Majina nayabadilisha kidogo, mtajua kwa nini. Hadithi: "Mlango Unaofungwa kwa Nje". Maarifa: "Mikono Mirefu: Mitindo ya Msimu wa Joto", "Majibu Mia Moja kwa Jirani Anayeuliza", na "Kumjua Mtu kwa Mlio wa Viatu Vyake".

Mnajua nilimjibu nini? Mimi, msomaji mkubwa? Nilimwandikia: "Nchi hii haiumwi, ina mwandishi mvivu. Nani avae mikono mirefu kwenye jua la Oktoba? Hii ni michezo ya redio." Akajibu, "Sawa baba. Safari hii umeshindwa." Neno lile likanichoma. Nikamtumia ujumbe mwingine, mrefu kuliko wa kwanza, kumthibitishia kwamba sijashindwa.

Wiki tatu baadaye jirani yake akampigia simu mke wangu. Tukamkuta Rehema wodini, mfupa wa bega umevunjika. "Niliteleza bafuni," alisema, akiangalia ukuta. Alikuwa amevaa gauni la hospitali, la mikono mifupi. Alama za zamani, alama za juzi. Nilisimama pale nikasoma orodha yake yote upya, safari hii kwenye mikono yake.

Alipotoka wodini alikaa kwetu. Baadaye wakaja wazee wa upande wa mume, na ndoo ya zabibu ya kuomba radhi. Mkwe akapiga magoti sebuleni kwangu, akalia. Mke wangu akasema, "Baba Rehema, mtu ameshapiga magoti, unataka afanye nini tena?" Mdogo wangu akaongeza, "Kaka, wewe umezoea kugombana na magazeti. Hii ni ndoa." Na mimi nisiyenyamaza msibani wala harusini, siku ile nilinyamaza. Nitawaambia ukweli ambao sijamwambia hata mke wangu: nilikumbuka kile kipaza sauti. Niliona aibu kusema mbele ya watu kwamba nilikosea. Wakamrudisha binti yangu Mkonze.

Mwezi uliopita walikuja kutusalimia. Mume yuko nje na mama mkwe wake, anamchekesha. Rehema akakaa karibu nami na sinia la karanga, mtoto wao wa miezi minane mapajani.

"Mwanangu, twende polisi sasa hivi," nikamwambia.

"Ukienda nitasema niliteleza. Hata nikisema kweli ataniamini nani, na wazee walishayamaliza hapa hapa kwako?"

Akatupa jicho mlangoni, akashusha sauti.

"Simu yangu anaisoma yote, baba. Orodha tu ndiyo anaisoma na kuiacha ipite. Anasema mimi na wewe tumechanganyikiwa. Ukimgusa, na hiyo itakufa."

Jumapili hii imekuja nyingine. Nchi haina jina. Hadithi: "Mtoto Aliyemwita Bibi Yake Mama". Maarifa: "Kadi ya Kliniki Iko Chini ya Godoro". Na kinachoongoza kwa mauzo: "Maelekezo kwa Watakaomlea". Chini ameandika, "Haya baba, hii inaumwa nini?"

Safari hii nimeielewa mara moja. Nimeandika jibu mara nne na kulifuta, kwa sababu yule bwana atalisoma kabla yake. Nikienda na polisi, binti yangu atawakana mbele yangu, kisha atabaki naye ndani ya ule mlango, na mimi sitasikia tena kitu. Nikikaa, nimesoma maelekezo ya kifo chake na kurudi kusahihisha madaftari ya watoto wa watu.

Nyinyi mliowahi kumtoa dada au binti kwenye nyumba ya namna hii, mlimtoaje? Mlianza na nani? Nitukaneni mkitaka, nastahili, ila mkimaliza matusi mniambie cha kufanya. Bado anasubiri nimjibu.