Kantaben wa Observatory na Sahani ya Kwanza

Kantaben alizaliwa Tanga mwaka 1944, binti wa fundi cherehani Mgujarati, na Kiswahili alikijua kabla ya kujua kufunga sari. Alipofiwa na mumewe aliwafuata wanawe Johannesburg, na Januari 2016, katika umri ambao wenzake hutafuta kiti cha kupumzikia, akaanzisha ashramu yake, makao ya ibada ya Kihindu, katika nyumba ya mlimani pale mtaa wa Observatory. Siku hiyo aliweka nadhiri: hatatia chakula kinywani kabla mtu wa mtaa hajala kwake. Wafuasi wake arobaini, waliomwita Ba, yaani mama, walidhani ni maneno ya sherehe. Hawakumjua.

Kila asubuhi alipika khichri ya mchele na choroko, akaitanguliza mbele ya sanamu ya Krishna kama desturi ilivyotaka, ndipo akaigawa. Wasusi Wakongo walikuja, walinzi Watanzania nao wakaja, wakala na kushukuru. Lakini siku moja ya Mei, Léocadie, msusi kutoka Bukavu, akiwa mlangoni aliona sahani ikiwekwa miguuni pa sanamu, akairudisha sahani yake.

"Mama, sisi hatukulake chakula ya sanamu," alisema kwa upole. "Mutusamehe."

Kesho yake Khatibu, mlinzi Mwislamu kutoka Tanga, naye aliomba radhi kwa sababu hiyohiyo. Mtaa mzima ukaacha kuja, na Ba akaacha kula.

Siku nne alikunywa maji tu. Jamnadas, mfuasi wake wa kwanza, alimsihi wafunge mlango wa madhabahu na kunyamaza, wageni wasingejua. Ba alikataa katakata, akisema hawezi kuwalisha watu uongo. Nadhiri nayo hakuwa tayari kuivunja. Alikuwa mkaidi, tuseme ukweli, na ukaidi huo ndio uliomfanya mtakatifu.

Siku ya tano alipika, akawaita Léocadie na Khatibu, akawapakulia moja kwa moja kutoka sufuriani mbele ya wafuasi wote. Waliposhiba, alichukua yaliyobaki akaelekea madhabahuni. Kwa desturi yao, kumpa Mungu chakula kilichokwisha kuliwa ni kosa kubwa, na Jamnadas alimzuia njiani.

"Ba, hayo ni makombo."

"Ni makombo, ndugu yangu. Mzazi gani hula kwanza, wanawe wakiwa na njaa?"

Akapita. Wafuasi thelathini na mmoja waliondoka siku hiyo, Jamnadas akiwa mbele yao. Ba alikula sahani yake huku akilia, wala hakuyaficha machozi.

Alifariki Agosti 2019. Wapo wanaosimulia kwamba sufuria yake haikuisha. Khatibu, aliyekuwa akiisugua, anasema iliisha kila siku, na kila siku Ba aliijaza tena. Hilo linatosha kuwa ajabu. Anayetaka kumfuata asianze na uvumba. Ampakulie jirani kwanza, kwa namna ambayo jirani anaweza kula.

Siku ya kuchomwa mwili wake, Jamnadas alirudi. Aliwapakulia watu wa mtaa, akasubiri hadi wa mwisho aliponawa mikono, kisha akabeba yaliyobaki hadi madhabahuni. Mgeni mmoja alimnong'oneza kwamba hayo ni makombo. Alijibu kuwa anajua, akayaweka.