Siku Baba Alipokadiria Zege la Ngazi

Enzi zetu, sisi watoto wa Uthiru, mtu akianza kujenga, mtaa mzima ulipata uwanja wa michezo. Kwenye rundo la mchanga tulicheza kalongolongo, tukipika ugali wa mchanga kwa mboga ya majani ya ua. Rundo la kokoto tuliliteremkia kwa makalio mpaka sketi za shule zikatoboka, na Mama alizishona huku akitugombeza. Siku hizi ukimpa mtoto rundo la mchanga, anatafuta pa kubonyeza.

Nilikuwa darasa la sita Baba alipoamua kuongeza ghorofa juu ya nyumba yetu. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi. Fundi wetu aliitwa Mutiso, mtu mpole kutoka Machakos, aliyekuwa amejenga nusu ya mtaa bila kuandika chochote popote. Alizitazama mbao za ngazi zilizokuwa zimeshapigwa misumari, akafumba jicho moja, akasema, "Mwalimu, hii itakula simiti mifuko saba."

"Kwa macho tu?" Baba akauliza. "Mutiso, zege halikadiriwi kwa macho. Kuna kanuni."

Ijumaa baada ya shule akapanga vyombo vyake mezani: tepu mpya aliyoinunua Ngara, kikokotoo cha sola kilichogoma kila wingu lilipopita, na daftari. Alipima ngazi moja mara tatu. Kisha, ili awe na uhakika wa idadi, akanituma nizihesabu kutoka chini kwenda juu, na dada yangu Wairimu azihesabu kutoka juu kuja chini. Nikaandika kumi na nne. Wairimu akaandika kumi na nne chini ya yangu. Baba, ambaye wakati huohuo alikuwa akisahihisha mitihani, akapiga mstari na kujumlisha. Ishirini na nane, kila moja nusu mfuko wa simiti.

Niliiona. Naapa niliiona. Lakini enzi hizo mtoto hakumsahihisha mzazi, sembuse mzazi mwenye kalamu nyekundu mkononi. Nikamtazama Wairimu. Wairimu akatazama dari.

"Mifuko kumi na minne," Baba akamtangazia Mutiso kesho yake. "Na ichanganywe yote mara moja. Sitaki ngazi zenye viraka."

"Tuchanganye saba kwanza, Mwalimu, tuone."

"Kumi na minne!"

Saa sita mchana ngazi zilikuwa zimejaa hadi ukingoni, na mbele ya mlango wa jikoni kulikuwa kumebaki tuta la zege kama kiboko aliyelala.

"Mwalimu, ngazi zimeshiba," Mutiso akasema.

"Ongeza."

"Nikiongeza itakuwa mlima."

Baba akalileta daftari. Mutiso akafuata mistari kwa kidole chenye simiti. "Hii kumi na nne ni ya wapi?"

"Ya kutoka chini," nikasema.

"Na hii ingine?"

"Ya kutoka juu," Wairimu akanong'ona.

Mutiso aliketi juu ya mifuko mitupu akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mwalimu amenunua simiti ya kupanda na ya kushuka!"

Baba akafungua kalamu yake, akaifunga, akaifungua tena. Nilijua tumekwisha. Ndipo Mama akatoka jikoni na mwiko wake, akalitazama lile tuta.

"Baba Wairimu, hiyo kitu ikikauka hapo, tutakuwa tukiingia kwa dirisha?" Hakungoja jibu. Akavua kiatu, akachora mstari mrefu ardhini kando ya mfereji. "Miaka minane nafua nguo nikiwa kwa matope. Mwaga hapa."

Basi tukakimbia, maana zege halina subira. Mimi na Wairimu tuliparamia ua tukipiga kelele, "Zege la bure! Zege la bure!" Jirani yetu Mama Njeri akaja na karai, na muuza makaa akaja na wilbaro. Mama akapata pake pa kufulia. Kuku wa Mama Njeri wakapata sakafu nzuri kuliko ya darasa letu. Muuza makaa akapata kizingiti cha choo, na mbwa wetu akapita juu ya kila kitu akiacha nyayo. Baba naye alishika sepetu, tai ikipepea begani. Mahali fulani kati ya mfereji na banda la kuku akaanza kucheka, kicheko cha kukosa pumzi ambacho hatukuwahi kukisikia kwake.

Tulipokuwa tukinawa mikono akaniita. "Uliiona ile ishirini na nane?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Akanipa kalamu nyekundu na daftari. "Weka kosa." Nikaweka alama ndogo pembeni. "Kubwa," akasema. Nikaiweka kubwa, ukurasa mzima.

Sasa naishi Westlands, ghorofa ya tisa. Simu inakadiria zege kabla hujamaliza kuuliza, na lori linaleta kiasi kamili. Mwezi uliopita walimwaga zege uani kwa jirani, nami nikatazama kutoka roshani na kikombe changu cha chai. Hakikubaki hata kijiko. Wakaosha lori, lango likafungwa, na mpaka leo sijui mwenye nyumba ile anaitwa nani.