Dawa ya Kukausha Jiwe

Nilipokuwa mtoto, kisiwani kwetu Chovae, nilijua kwamba mawe huzaliwa, hukua na hufa. Sikufundishwa shuleni, niliyaona. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa, kama babake na babu yake. Maji yakipwa alikwenda mwambani na mtaimbo, akabandua matumbawe yaliyo hai, yenye utelezi na shombo la samaki. Akiyafikisha ufukweni hakuyachoma siku ile. Aliyatandaza juani majuma mazima mpaka yakawa meupe na mepesi, ndipo akayapanga juu ya magogo na kuyatia moto. "Tumbawe hai haliungui," alikuwa akisema. "Liue kwanza kwa jua."

Kwetu iliaminika kwamba mwamba una wenyewe, na wenyewe hawapendi kuvunjiwa nyumba. Kabla ya kazi ilibidi kufukiza udi na kunyunyiza marashi pale pale majini. Asiyefanya hivyo, tumbawe alilolibandua hutafuta mahali pengine pa kukulia, napo ni tumboni mwake. Ushahidi ulikuwapo: babu yangu alikufa kwa jiwe, na nduguye vilevile. Watoto wenzetu walikuwa wakitugonga mgongoni na kutega sikio, eti wasikie kokoto zikigongana ndani. Tulicheka nao, maana hatukuwa na la kufanya.

Baba hakukosa kufukiza udi. Nalisema hili mapema, kwa sababu mambo yalipoharibika wapo walionong'ona kwamba aliingia mwambani kikavu. Uongo mtupu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia chetezo. Lakini la kuvunda halina ubani.

Maumivu yalimshika asubuhi moja akiwa tanuuni. Alijikunja, akashika ubavu, akaanguka kando ya kuni. Baba alikuwa mtu wa mizaha. Siku alipochomwa na taa alimtukana samaki yule kwa maneno ya kuchekesha hata aliyekuwa akimfunga jeraha akashindwa kuendelea. Safari hii hakusema kitu. Walimleta nyumbani wamemshika mabegani, na alipokojoa, mkojo ulikuwa mwekundu. Bibi, mama yake mzazi, alichungulia chombo na kujua hapo hapo. Alikwisha kuuona mkojo ule kwa mumewe.

"Ni iwe," alisema, yaani jiwe, na maji akayakataza. "Mchu asimpe mai, hata kidogo."

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lile sidhani kama watu wa mahali pengine wangelifanya. Tulimtibu baba kwa ujuzi wa tanuuni. Tumbawe hukua majini na hufa likikauka, basi na hili la tumboni likaushwe. Alipewa mkate mkavu na ng'onda wa kuchoma, samaki aliyekolea chumvi mpaka ulimi unawasha. Mchuzi ulikuwa marufuku. Kinywa kilipomkauka, bibi alimkunjia tambuu na kuipaka chokaa nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa chokaa ni tumbawe lililokwisha kufa, na lingemfundisha mwenzake kufa. Nikikumbuka sasa, kinachonitisha ni jinsi mambo yale yalivyoingia akilini. Hakuna aliyekuwa mjinga pale nyumbani, wala aliyekuwa hampendi.

Kismayo kulikuwa na hospitali, lakini siku zile watu walikuwa wakipigana huko, na mashua zilikuwa zikileta waliokimbia. Ami yangu alizunguka kisiwa kizima akimtafuta nahodha wa kumpeleka nduguye. Kila aliyeombwa alimwonea huruma, na kila mmoja alikataa.

Baba aliomba maji tangu asubuhi mpaka jioni. Alimwomba bibi tu, kwa sababu ndiye aliyekaa kichwani pake.

"Mama, nipa mai."

"Stahamili, mwanangu. Iwe lafa hilo."

Mama yangu hakuwa na sauti mbele ya mkwewe. Alasiri moja bibi alipokuwa akiswali, mama alichota maji kwa kata, akayafunika kwa leso, akamwinua baba kichwa. Bibi alitoa salamu, akageuka, akaipiga kata ile ikaruka. Maji yakamwagika kwenye mchanga wa ukumbini, yakanywewa papo hapo. "Wataka kuniulia mwana?" alimuuliza mama. Alikuwa akilia kuliko mama, na mimi nimesimama mlangoni nisijue nimkumbatie nani.

Nisimdhulumu bibi yangu. Siku zile zote alikula ng'onda ule ule na mkate ule ule, na midomo yake ikapasuka kama ya baba. Nilipomuuliza mbona na yeye hanywi, alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nitakunywaje mai, mwanangu ana kiu?"

Miguu ya baba ikavimba, na homa ikampanda. Halafu akaacha kuomba. Tulifurahi. Ami alitoka nje kumshukuru Mungu, mama akaanza kufagia, sote tukidhani jiwe limekufa. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameaga dunia yeye.

Mengine yalikuwa kama yalivyowapata wengi wa visiwa vyetu. Tulikimbia, tukakaa kambini, kisha tukafika Mombasa, na hapa ndipo nilipoolewa nikazaa. Jiwe lilinipata nami nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nikianika nguo, maumivu yakanishika ubavuni, nikalala kwenye sakafu ya uani nikiita majina ya waliokufa.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye subira. Aliniambia kuna koo ambazo figo zao huachia kalsiamu nyingi kupita kwenye mkojo, na mtu huzaliwa hivyo. Chumvi huzidi kuisukuma. Anayetafuna tambuu yenye chokaa nyingi huongeza mzigo juu ya mzigo. Mkojo ukiwa mzito kwa kukosa maji, kalsiamu ile hushikana ikawa jiwe. Maziwa nisiyaache, alisema, bali nipunguze chumvi. "Na maji, mama, ndiyo dawa. Kunywa mpaka mkojo uwe mweupe."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Aliniuliza nani mwengine nyumbani aliugua hivi. Nikawataja. Akataka watoto wangu wapimwe, na wa pili akaonekana ana figo za namna ile ile. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," nilimwambia daktari, nikijaribu mzaha wa baba. Hakucheka, nami pia nikashindwa kucheka. Nimempa mwanangu macho yangu, nimempa na hili.

Bibi angali hai, naishi naye. Ni mkongwe, lakini macho yake yanaona vizuri kuliko ningependa. Mwanzoni aliniona na jagi la maji akapiga kelele kwamba najiua. Sikumweleza. Ningemweleza nini? Nilikunywa kwa kujificha jikoni, mtu mzima na watoto wangu, kama mla mchana wa Ramadhani. Lakini yule wa pili ni mtoto, hajui kuficha. Alikuwa akinywa mbele yake kila siku, na kila siku bibi alimtazama akinywa, akingoja aanguke. Mtoto hakuanguka. Alinawiri.

Juzi nilikuwa nikimsuka bibi nywele, akaniuliza bila kugeuka.

"Mai hayo ndiyo dawa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na babako?"

Niliufikiria uongo, ukanijia ulimini. Lakini na ukweli siujui. Daktari alisema jiwe likiziba kabisa, maji peke yake hayatoshi, mtu hutaka hospitali, na sisi hospitali hatukuwa nayo. Pengine angekufa tu. Pengine angekufa bila kiu.

"Sijui, bibi," nikasema. "Wallahi sijui."

Alitikisa kichwa taratibu, nywele zake zikanitoka mikononi.

"Alikuwa akiniomba mimi," alisema. "Hakumwomba mchu mwengine."

Nilitaka kumwambia kwamba alimpenda, lakini hilo analijua, na ndilo linalomuumiza. Nikazishika tena nywele zake, nikaendelea kusuka.