Baba Alivyotunyang'anya Gari la Rimoti

Sisi tuliolelewa Githongo, kule Meru, wakati ule, kitu cha kuchezea hakikununuliwa. Kilitoka ndani ya kitu kingine kilichokufa. Malapa yakikatika, soli zake zilikuwa magurudumu. Mwavuli ukivunjwa na upepo, njiti zake tulizigawana. Mkebe wa mafuta ya kupikia ulianza kugombaniwa hata kabla Mama hajakwangua tone la mwisho. Tulishinda kati ya mistari ya mibuni, miguu imejaa udongo mwekundu, tumbo limejaa githeri ya jana, mahindi na maharagwe, iliyokaangwa na vitunguu, na jioni tulisuguliwa visigino kwa jiwe mpaka tukalia. Watoto wangu nikiwasimulia haya hunitazama kwa huruma. "Pole, Mama," wananiambia. Pole ya nini? Hatukuwa wagonjwa.

Lakini katika yote tuliyotengeneza, kuna kitu kimoja ambacho nikikikumbuka nakereka upya, kana kwamba ni jana. Gari la rimoti.

Wazo lilikuwa la Mwenda, kaka yangu. Shangazi yetu wa Ruiri alikuja na redio yake ya kaseti iliyokuwa imenyamaza, fundi wa pale sokoni akaifungua, akapuliza vumbi, akasema hiyo ni ya kuzika. Shangazi akatuachia sisi. Mwenda aliibomoa kwa kisu cha mezani, na ndani tukapata mota ndogo iliyokuwa ikizungusha kanda, pamoja na mpira wake mwembamba mweusi. Mama alikuwa ameanika betri za tochi juu ya bati ili jua lizirudishie nguvu. Tukaazima mbili, tukagusisha nyaya, na ile mota ikalia zzzz na kuzunguka. Mwenda alipiga yowe mpaka ng'ombe akageuka kututazama.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Tulikata kipande cha ubao kuwa mwili wa gari, tukatoboa magurudumu ya malapa, tukapitisha njiti za mwavuli kuwa ekseli, na mota tukaifunga nyuma kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Ule mpira mweusi ndio uliovuta ekseli. Rimoti yetu ilikuwa kibao chenye betri na vibati viwili vya kubonyeza, na kutoka hapo nyaya ndefu zikaenda hadi garini. Bonyeza huku, linakwenda mbele; bonyeza kule, linarudi nyuma. Lilikuwa na kasoro moja: lilivuta kushoto daima, kama ng'ombe aliyeona mahindi ya jirani. Hatukujali. Lilikuwa linakwenda, na lilikuwa letu.

Kisha Baba akaliona.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na akifika nyumbani aliendelea kuwa mwalimu. Hakuwa mtu wa mchezo. "Mchezo ni wa ndama," alikuwa akisema, "mtu husoma." Jioni hiyo alitukuta barazani tumepiga magoti, na mimi nikajua gari linaingia jikoni kuwa kuni. Badala yake alichuchumaa. Akalipindua. Akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Nani amewafundisha kugeuza nyaya ndio lirudi nyuma?"

"Tulijaribu tu," Mwenda akasema.

"Mmh." Akaendelea kuzungusha lile gurudumu. "Lakini rimoti yenye waya si rimoti. Hiyo ni mbuzi na kamba yake. Leteni hapa."

Tukampa. Mtoto wa wakati wetu akiambiwa "leta hapa" na baba yake alileta. Hakuuliza kwa nini, kama hawa wa leo wanaotaka kwanza maelezo kamili. Na tangu jioni hiyo gari likawa la Baba.

Ee Mungu wangu! Alilihamishia mezani, na sisi wenye gari tukawa watumishi. "Kathure, shika hapa. Sio hapo, hapo. Ondoa mkono. Unanizibia mwanga." Mwenda alitumwa kutafuta skrubu ndogo, akazunguka hadi sokoni, na aliporudi nayo akaambiwa ni kubwa. Tukiuliza kama tunaweza kuliendesha kidogo, tulijibiwa bado. Bado nini? Lilikuwa likienda kabla hajaligusa! Baba alikuwa ameapa lazima litii amri kupitia hewani. Leo naelewa jambo ambalo sikulielewa wakati huo: miaka yote alikuwa akifundisha umeme kwa chaki. Shule haikuwa na kifaa chochote. Alichora betri ubaoni, akachora waya, akachora taa inayowaka, na sidhani kama alikuwa amewahi kuona mota ikizunguka mkononi mwake mwenyewe.

Wakati huohuo kahawa ilikuwa imeiva. Matunda mekundu yalikuwa yakianguka chini yenyewe, na aliyekuwa akichuma ni Mama na sisi wawili. Baba, ambaye kila mwaka ndiye aliyetuamsha, alikuja shambani na ndoo, akachuma hadi nusu, akasema anaenda kuangalia kitu kidogo nyumbani.

"Kitu kidogo!" Mama aliiambia mibuni. "Niliolewa na mwanamume mzima. Sasa nina watoto watatu."

Siku moja Baba aliondoka kwenda Meru mjini na akarudi na rimoti na matumbo ya gari la kuchezea la dukani lililoharibika, kibati kilichojaa vitu vidogovidogo na mkia wa antena. Alilehemu kwa msumari alioupasha moto kwenye jiko lilelile la Mama la chai, kwa hiyo chai tulikunywa saa ya chakula, na chakula sitaki hata kukumbuka tulikula saa ngapi. Alipomaliza alituita sote, hata Mama, tusimame kando ya meza. Akasafisha koo kama aliye mbele ya darasa. Akabonyeza.

Gari lilitetemeka. Kisha moshi mwembamba ukapanda, ukanuka kama nywele zilizoungua, na mota yetu ikanyamaza kabisa.

"Ni betri," Baba akasema.

Haikuwa betri. Hata mimi nilijua. Mwenda alikuwa amekunja midomo, macho yamejaa machozi, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akasema, "Baba, hiyo ilikuwa gari yetu."

Kwetu mtoto hakumwambia baba hivyo. Nilitazama sakafu nikisubiri kofi. Lakini Mama aliweka sufuria chini polepole. "Baba Mwenda," akasema, "huyu mtoto amesema ukweli. Umewafundisha wasishike kitu cha mtu bila ruhusa. Wewe ulimwomba nani?"

Baba alibaki ameshika ule msumari. Kisha akauweka mezani, akavaa koti, akaenda kumwangalia ng'ombe, ingawa ng'ombe alikuwa amekwisha kukamuliwa na kulishwa.

Asubuhi alikuwa shambani kabla yetu. Alichuma ndoo juu ya ndoo, mgongo umeinama, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa. Nilimhurumia, na kumhurumia huko kukanikasirisha zaidi. Yaani mtu akuchomee gari lako, halafu bado akufanye umwonee huruma! Tulipomaliza kupeleka kahawa kiwandani hakurudi nasi. Alifika jioni, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka mbele ya Mwenda. Ilikuwa mota nyingine.

"Ifungeni na waya kama mwanzo," akasema. "Ile yenu ilikuwa inaenda."

Hiyo ndiyo samahani pekee niliyowahi kuisikia kinywani mwake, na neno lenyewe samahani halikuwamo.

Tulilijenga upya. Baba aliketi pembeni, mikono ameibana katikati ya mapaja ili isiruke. Ilimtesa. "Mwenda, hiyo waya ya—"

"Baba."

"Sawa. Sawa."

Krismasi, baada ya kanisa, chapati zikiwa zimefunikwa mezani na Shangazi amewasili kutoka Ruiri, tulilitoa barazani, mahali pekee penye simiti. Mwenda aliliendesha likagonga ukuta. Mimi nikalitia kwenye maua ya Mama. Kushoto, kushoto, kushoto tu. Ndipo Mama, aliyekuwa ameliita takataka mwezi mzima, akafuta mikono kwenye leso yake na kusema, "Hebu leteni hapa."

Alibonyeza. Lilipoanza kuelekea kushoto, akainua ule waya na kulivuta kidogo kulia. Likanyooka. Likaenda kushoto tena, akalivuta tena. Lilivuka baraza lote, toka mlango wa jikoni hadi ngazi, Shangazi akipiga vigelegele.

"Hiyo ni kuvuta, si kuendesha!" Baba akalalamika. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya suti yake ya kanisani, shavu limegusa simiti, anatazama magurudumu yanavyozunguka.

"Inaenda ama haiendi?" Mama akauliza.

"Inaenda," Baba akasema, na akacheka. Alicheka mpaka akashindwa kuinuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugundua kwamba ana pengo katika meno ya nyuma.

Januari ule mpira mweusi ulikatika, shule zikafunguliwa, na Baba akarudi kuwa mwalimu. Hakuna aliyelitaja tena lile gari. Baba tulimzika zamani, hapo hapo karibu na mibuni, ambayo sasa nusu imeng'olewa pakapandwa parachichi.

Mwaka huu nilimnunulia kitinda mimba wangu gari la rimoti katika duka moja la Meru mjini. Lina taa, lina honi, linakata kona kulia na kushoto bila kusukumwa na mtu. Aliliendesha hadi jikoni na kurudi, akasema, "Asante, Mama," akashika simu. Nilimwambia tulifungue tuone kilichomo ndani. Akanijibu kwamba kuna video inayoonyesha. Mume wangu alilitazama mara moja, akauliza kama limelipiwa, akaendelea na habari zake za saa moja. Sasa limelala chini ya kochi, zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Ni gari zuri, siwezi kulilaumu. Ila tangu liingie nyumbani kwangu, hakuna mtu hata mmoja aliyelipigania.